Nyaya za Umeme Zipitazo Mashambani: Jinsi ya Kujihadhari

Wasomaji wetu wa mashambani hawahitaji kuambiwa nguzo ya umeme ni kitu gani. Tangu miaka ya 1930 maji ya mto Pangani yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme, lakini kwa muda mrefu umeme ule ulikwenda mijini na katika mashamba makubwa tu, na mkulima aliziona nyaya zikipita juu ya kichwa chake zikienda kwa wengine. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umeigeuza hali hiyo. Leo nguzo zimesimama kando ya migomba na mihogo, na umeme huendesha mashine ya kusaga, huwasha taa ya zahanati, na kumpa mtoto wa shule mwanga wa kusomea usiku.

Hii ni neema kubwa, lakini kila neema ina adabu zake. Twapenda kuzieleza hapa adabu za kukaa karibu na nyaya hizi, wala hatutaki kutoa amri tupu. Yafaa mtu aijue sababu ya kila onyo, maana aijuaye sababu huweza kujiokoa hata katika jambo ambalo hakupata kuelezwa. Na somo letu lote limo katika neno hili moja: umeme hutafuta ardhi, nao hupita katika kitu chochote kitakachoupa njia. Basi angalia usiwe wewe njia hiyo.

UMEME HUTAFUTA NJIA

Wenyeji wa Uchagga na Upare, ambao wamechimba mifereji ya maji tangu zamani za babu zao, watalifahamu jambo hili upesi. Maji yakiwa katika mfereji ulio juu ya mlima hutaka kushuka. Kingo zikiwa nzima, maji hufuata njia yake mpaka shambani. Lakini panya akitoboa tundu katika ukingo, maji hukimbilia tundu lile, na kadiri mfereji ulivyo juu, ndivyo nguvu ya maji inavyozidi.

Umeme nao ni hivyo. Nguvu ya kusukuma iliyo katika waya hupimwa kwa volti. Waya mmoja uingiao nyumbani una volti 230. Nyaya za nguzo zipitazo kutoka kijiji hata kijiji zina volti 11,000 au 33,000. Nyaya zichukuliwazo na minara mirefu ya chuma zina volti 132,000, au 220,000, au hata 400,000. Na kingo za mfereji huu ni nini? Ni hewa, pamoja na vile vikombe vya kauri au kioo vinavyoushika waya pale juu ya nguzo. Wengi hudhani waya ule umevikwa mpira kama waya wa taa ya nyumbani. Sivyo. Nyaya za nguzo kwa kawaida ni madini matupu, hazina nguo. Umbali ule kutoka juu hata chini ndiyo nguo yake. Kitu chochote kipunguzacho umbali huo, kikiwa bomba, au mti mbichi, au mtu, ndilo tundu katika ukingo.

Tena umeme wenye volti nyingi haungoji kuguswa. Kitu kikikaribia mno, huruka hewani kama radi ndogo. Kwa hiyo yapasa mtu, pamoja na kila achukuacho, akae mbali na nyaya za nguzo kwa mita 3 au zaidi pande zote, na mbali na nyaya za minara mikubwa kwa mita 8 au zaidi.

Watu huuliza, mbona ndege hutua juu ya waya asife? Ndege mdogo huweka miguu yake yote miwili juu ya waya mmoja, wala hagusi ardhi, wala nguzo, wala waya wa pili. Umeme hauna pa kwenda kwa kupita mwilini mwake, nao humwacha. Lakini ndege mkubwa kama tai au korongo, mabawa yake yakigusa nyaya mbili kwa pamoja, hufa papo hapo. Mwanadamu asimamaye juu ya ardhi hayumo katika hali ya yule ndege mdogo hata kidogo.

Wala mtu asidharau umeme wa nyumbani. Taa ya zamani ya wati 60 hupitisha umeme mdogo tu. Lakini sehemu moja katika tano ya umeme huo, ikipita kifuani, yaweza kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Na hata sehemu ndogo kuliko hiyo huikaza misuli ya mkono, mtu akawa hawezi kuachia alichokishika. Hii ndiyo sababu watu husema umeme "humnasa" mtu.

KAZI ZA SHAMBANI NA ZA NYUMBANI

Ajali nyingi hazitokani na uchokozi. Hutokana na kazi njema iliyofanywa bila kutazama juu. Tutazame kazi hizo moja moja.

Mabomba ya kumwagilia. Bomba la alumini huwa na urefu wa mita 6 hivi, nalo ni jepesi, mtu mmoja huweza kulisimamisha ili atoe panya au matope yaliyomo. Lakini waya ulegeapo katikati ya nguzo mbili huenda ukawa mita 6 tu juu ya nchi, au pungufu mahali palipoinuka. Mtu ashikaye bomba hilo wima mbele ya kifua chake, amekwisha kuufikia waya. Tena jua la mchana huupasha waya moto, ukarefuka na kushuka zaidi kuliko ulivyokuwa asubuhi. Bomba lichukuliwe likiwa limelala, na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na lisiwekwe chini ya nyaya.

Kuchuma matunda. Mwembe na mparachichi hukua upesi, na tawi lililokuwa chini ya waya mwaka jana, mwaka huu limeupita. Mti mbichi una maji ndani yake, na kwa hiyo hupitisha umeme. Mtu asipande mti unaogusa waya au kuukaribia, wala asichume kwa ufito mrefu hapo. Tena asiukate yeye mwenyewe, kwa kuwa tawi likianguka juu ya waya umeme utamshukia yeye aliye mtini. Wapelekewe habari watu wa shirika la umeme, ambao huuzima umeme kwanza ndipo wakate. Na apandaye miti mipya aipande mbali na njia ya nyaya.

Ujenzi. Nondo, mabati, ngazi za chuma na milingoti ya televisheni vimewaua mafundi wengi. Kabla ya kusimamisha kitu chochote kirefu, fundi na atazame juu, apime kwa macho, na kujiuliza, "Kikiniponyoka, kitaangukia wapi?" Nyumba isijengwe chini ya nyaya hata kama kiwanja kimekaa wazi. Kimeachwa wazi kwa sababu hiyo.

Magari. Lori lililopakia pamba au majani ya ng'ombe kupita kiasi, na watu wameketi juu ya mzigo, ni hatari tupu lipitapo chini ya nyaya. Kadhalika gari la kumwaga mchanga, likiinua sanduku lake chini ya waya. Yafaa dereva awe na mtu chini wa kumtazamia.

Moto. Wakati wa kusafisha mashamba, moto usiwashwe chini ya nyaya. Moto huunguza nguzo za miti, na moshi mzito na miali yake huharibu ule ukingo wa hewa tuliousema, umeme ukapata kuruka.

Wanyama na nguo. Upande wa nguzo nyingine kuna waya mnene uliofungwa juu ukashikwa chini ardhini, ili nguzo isiegemee. Watu hupenda kufunga mbuzi hapo, au kuanika nguo. Waya huo kwa kawaida hauna umeme, lakini ukilegezwa waweza kugusana na nyaya za juu. Usiuguse, wala usifunge mnyama hapo.

Watoto. Tiara zirushwe uwanjani, mbali na nyaya. Ikinasa, iachwe, tiara nyingine hutengenezwa kwa karatasi na vijiti, mtoto hatengenezwi. Wala mtoto asirushe mawe kwenye vikombe vya nguzo, kwa maana kikombe kilichovunjika huweza kuuleta umeme katika nguzo yenyewe.

Hapa twataka kusema neno juu ya wale wanaofungua transfoma ili kuiba mafuta au shaba, na wale waitwao vishoka, wanaowaungia watu umeme kwa siri. Mafuta yale si ya kukaangia chakula. Yaliyo ya zamani yaweza kuwa na sumu. Transfoma ikikosa mafuta huungua, na huweza kulipuka. Na waya ulioungwa na kishoka, ukapitishwa katika majani au juu ya paa la bati, ni mtego uliotegwa kwa ajili ya watoto wa jirani.

WAYA ULIOANGUKA CHINI

Hili ndilo jambo linalowapoteza watu wengi kwa kutojua. Huona waya umelala chini, hautoi cheche, hauungurumi, wakasema, "Umekufa." Waya wa umeme haujulikani kuwa hai au mfu kwa kutazamwa.

Ziko mashine mitamboni za kuuzima umeme waya ukatikapo, lakini hazifanikiwi siku zote. Waya ukiangukia mchanga mkavu au lami, umeme upitao kwenda ardhini huwa mdogo, mashine isitambue. Tena mashine nyingine zimefanywa zijaribu kuurudisha umeme baada ya muda mfupi, kwa kuwa mara nyingi sababu ni tawi tu lililogusa na kuondoka. Basi waya uliozimika sasa hivi waweza kuwa hai kabla hujamaliza kuinama. Na hata kama umeme wa shirika umezimwa, jenereta ya mtu iliyounganishwa vibaya yaweza kuupeleka umeme nyuma, ukapanda tena katika nyaya za nguzo.

Na iwapo mvua imenyesha, hatari huzidi. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala mjini Kinshasa, katika nchi ya Kongo, waya mkubwa wa umeme ulikatika ukaangukia mfereji uliojaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa katika biashara zao za sokoni. Si lazima mtu aushike waya ndipo adhurike. Maji na udongo uliolowa huuchukua umeme mpaka miguuni pake.

Hata ardhi kavu ina hatari yake. Tupa jiwe kisimani, uone mawimbi yanavyoenea duara kwa duara, makali katikati na dhaifu pembeni. Umeme wa waya ulioanguka huenea ardhini kwa namna hiyo. Mguu wako mmoja ukiwa katika duara lenye nguvu zaidi, na wa pili katika duara lenye nguvu kidogo, umeme hupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Kadiri hatua ilivyo ndefu, ndivyo hatari inavyozidi. Kwa hiyo ng'ombe hufa upesi kuliko mtu: miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali sana, na umeme upitao kati yake hupita kifuani. Mchungaji aonaye ng'ombe wake wa mbele ameanguka ghafula karibu na waya, asimkimbilie. Na awarudishe wale waliobaki.

Basi, uonapo waya umeanguka au umening'inia, fanya haya. Kwanza, simama mbali, hatua 15 kubwa au zaidi, na zaidi tena ikiwa nchi imelowa. Pili, wazuie watu, watoto na wanyama wasikaribie. Mtu mmoja abaki kulinda. Tatu, wapigie simu shirika la umeme, uwatajie kijiji na kitongoji, na namba ya nguzo au transfoma ikiwa yaonekana kutoka mbali. Nne, usiondoke mpaka wafike. Ukitambua kwamba umekwisha kukaribia mno, usikimbie. Bana miguu yako pamoja, ujiburute kwa hatua fupi fupi bila kuinua nyayo, mpaka uwe mbali.

Gari likiangukiwa na waya, walio ndani wakae ndani, wasiguse vyuma, nao walio nje wasilikaribie. Likishika moto, na hapana budi kutoka, kila mtu aruke nje miguu ikiwa pamoja, wala asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja. Kisha ajiburute kama tulivyosema.

MTU ALIYENASWA

Sasa twafika katika jambo gumu kuliko yote. Mtu amenaswa na waya. Ni ndugu yako, au mwanao. Moyo wote wasema, "Mkimbilie, umvute!" Na mwenye kumvuta kwa mkono hunaswa naye. Kisha huja wa tatu kumvuta wa pili. Hivyo ndivyo msiba mmoja unavyogeuka kuwa misiba miwili au mitatu katika nyumba moja. Mwili wa mtu aliyenaswa umekwisha kuwa sehemu ya waya. Kumgusa yeye ni kuugusa waya. Kujizuia kwa dakika chache hapo si woga wala si ukosefu wa upendo, kwa kuwa mtu aliye hai tu ndiye awezaye kumsaidia mwenziwe.

Ikiwa ni umeme wa nyumbani, zima swichi kuu mara moja. Isipopatikana, simama juu ya ubao mkavu, umwondoe kwa mti mrefu mkavu usio na chuma. Lakini ikiwa ni waya wa nguzo au wa mnara, usitumie mti wala kamba, hata ukiwa mkavu namna gani. Mti mkavu wenye kutosha kwa volti 230 hautoshi kwa volti 33,000, wala viatu vya mpira havitoshi, wala kandambili. Hapo kazi ni moja tu: kuhimiza umeme uzimwe, na kungoja neno la watu wa umeme wenyewe kwamba umezimwa.

Umeme ukiisha kuzimwa, fanya upesi. Akiwa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua chake, ukandamize kwa nguvu, kifua kishuke sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Ajuaye kumpulizia pumzi na ampulizie mara 2 baada ya kila mara 30 za kukandamiza. Asiyejua aendelee kukandamiza tu. Mkichoka, pokezaneni, msiache mpaka mganga afike au mtu arudiwe na pumzi. Usimzike katika mchanga, wala usimnyweshe maziwa. Mambo hayo humpotezea muda, na maziwa yaweza kumpalia. Na hata kama ameinuka akasema ni mzima, apelekwe hospitali. Umeme huunguza ndani kuliko nje, na moyo waweza kuharibika baadaye.

KAZI YA KIJIJI

Hadhari ya mtu mmoja haitoshi. Yafaa namba ya simu ya shirika la umeme iandikwe ukutani penye ofisi ya kijiji, shuleni, zahanati na katika mashine ya kusaga, ili isitafutwe siku ya msiba. Yafaa mtendaji wa kijiji apokee habari za nguzo zilizoinama, nyaya zilizolegea na miti iliyozifikia, azipeleke kabla ya masika. Yafaa walimu wawafundishe watoto, maana mtoto aliyefundishwa humfundisha na babaye.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nguzo iliyoinama leo ni ufa. Aionaye na ainene leo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ndege mdogo hafi juu ya waya, na mtu aufikiaye kwa bomba hufa?
2. Waya umelala juu ya mchanga mkavu, kimya. Taja sababu mbili za kutouamini.
3. Kwa nini ng'ombe yumo katika hatari zaidi kuliko mchungaji wake?
4. Ndugu yako amenaswa na waya wa nguzo, na mti mkavu u karibu nawe. Utafanya nini, na kwa nini?
5. Katika kijiji chako, ni mahali gani ambapo nyaya zimekaribia miti, mapaa au njia ya magari? Nani apelekewe habari?